Gitaa Lililofuata Honi ya Treni

Mtu akikuambia nilikuwa nimelewa, muulize hiyo pombe alininunulia yeye? Tumboni nilikuwa na chai tu, saa kumi ya mchana, mvua inanyesha Kalemie yote. Nilichokiona nilikiona.

Gitaa langu la umeme lilitoka Kigoma kabla ya vita, la bei ya chini kabisa, na Mungu anisamehe, nililichukia. Unaanza wimbo vizuri, kufika kwenye kiitikio sauti imeshapotea. Nilibadilisha funguo zote sita za kukazia nyuzi. Nikachonga mfupa wa ng'ombe, nikauweka pale juu nyuzi zinapopitia. Nyuzi zenyewe, kwa vile boti za Kigoma zilikuwa hazivuki ziwa, nilichambua waya wa breki ya baiskeli. Wapi! Papa Stanis, mkubwa wa kwaya yetu, akachoka.

"Siku ya Mungu hii, sauti ikitoka tena," aliniambia, "unaweka gitare chini, unaenda kuimba na wenzako kule nyuma."

Mimi, niliyepiga mbele tangu ujana, nikaimbe nyuma?

Basi Jumamosi nimeinama barazani, nakaza, nalegeza, nasonya. Kuinua kichwa, mwanaume amesimama mbele yangu kwenye mvua, amevaa koti la watu wa reli, na koti ni kavu kabisa. Ningeuliza, lakini kwa hasira niliyokuwa nayo sikuuliza kitu.

"Shida haiko mu funguo, Papa," akasema. "Kamba umezizungusha mingi. Mara tatu inatosha."

Akafungua, akakata, akazungusha mara tatu, akasugua risasi ya penseli kwenye mfupa ili nyuzi ziteleze. Kazi safi, siwezi kumnyima haki yake. Kisha akasema, "Sasa tungoje treni."

Lazima ujue kwamba zamani sisi wapiga gitaa wa mji huu tulichukua sauti kwenye honi ya treni ya jioni. Lakini reli ilikuwa imekatika tangu vita.

"Treni gani, Papa?" nikamuuliza.

Honi ikalia. Niamini, ililia mpaka bati likatetemeka. Akakaza uzi wa tatu mpaka ukalingana nayo, na nyingine zikaufuata. Nikainamia gitaa kusikiliza. Kuinua macho, hayupo. Mke wangu, chumba cha pili tu, hakusikia honi yoyote.

Jumapili gitaa halikutoka kwenye sauti hata kidogo. Ila lilikuwa nusu sauti chini ya kinanda, na kinanda cha kanisa hakishuki. Nikakaza uzi mpaka ukanikata kidole, sauti ikabaki ileile. Papa Stanis alinionyesha nyuma kwa kidevu. Tangu hapo nimebadilisha tena nyuzi, funguo, mfupa, hata ile sumaku inayonasa sauti. Ileile! Inaudhi, hujui tu.

Sasa kila jioni anakuja jirani yangu, Mama Feza. Mumewe alikuwa dereva wa treni. Aliondoka nayo vita vilipoanza, hakurudi. Alisikia gitaa kupitia ukuta, akaja amebeba kiti chake.

"Piga ile kamba ya tatu tu, Papa."

Napiga. Anafumba macho mpaka sauti inaisha, kisha anaenda kupika. Sijamwambia kwamba aliyeitengeneza alivaa koti la reli.

Wewe mwenye gitaa bovu, vumilia ubovu wake. Akija fundi usiyemjua, muulize kwanza anafuata sauti gani. Mimi sikuuliza, na sasa jioni siwezi kwenda popote. Siku moja nilichelewa, nikamkuta Mama Feza mbele ya mlango wangu uliofungwa, amevaa kitenge kipya na viatu, kama mtu aliyekwenda kupokea mgeni kituoni.