Siku Mama Mkwe Alipoelea Hemani

Nilifungua zipu ya hema nikamkuta mama mkwe wangu anaelea.

Sisemi kiroho. Alikuwa amelala chali juu ya godoro la upepo, mikono kifuani, na godoro linazunguka taratibu kama sahani ndani ya beseni.

Akafungua jicho moja.

"Mwanangu," akaniambia, "mmechelewa."

Hii stori nimeisimulia saluni kwangu mpaka wateja wamechoka, sasa ni zamu yenu.

Mume wangu ana dada mmoja tu. Wifi yangu huyo anafundisha watu udereva, kwa hiyo amezoea kumwambia mtu mzima "simama" na mtu akasimama. Mume wangu yeye yuko idara ya maji. Kazi yake ni kuhakikisha maji yanapita yanapotakiwa kupita.

Ndiyo. Cheka tu.

Hawa ndugu wawili walikuwa hawasemeshani tangu tumzike baba yao. Mzee alipozidiwa hospitali, wifi alimpigia kaka yake simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, na tena. Mume wangu alifika asubuhi, mzee keshafunikwa shuka.

Siku ya mazishi wifi akasema mbele ya watu wote, "Naona leo kaka yangu amepata nafasi."

Ikaishia hapo. Kuanzia siku ile, hata salamu zao zilikuwa zinapitia kwangu. Nikawa posta, tena posta isiyolipwa.

Mama mkwe alivumilia, akavumilia, mwisho akatuita wote sebuleni kwake. Mzee enzi zake alikuwa bwana misitu, na alianza kazi kwenye msitu mmoja wa mbali kidogo na mji.

"Nataka nikalale kule alikoanzia baba yenu," akasema. "Nikapaage. Tutakwenda wote. Asiyekuja, basi na kunizika asije."

Nani atabisha hapo?

Wifi alikuwa na hema lake tayari, dogo, rangi ya majani makavu, la kutosha watu wawili wanaopendana. Mume wangu alipolisikia hilo, akaamua sisi tutanunua hema ambalo dada yake akiliona atanyamaza mwenyewe.

Tukaenda dukani.

Muuzaji, mwanamke mmoja mpole, akaanza vizuri. "Mtalala wangapi?"

"Watatu," nikasema.

"La watu wanane," mume wangu akasema.

Muuzaji akatutazama, akaamua kukaa upande wa biashara. Akatuonyesha hema la buluu lenye vyumba viwili, madirisha na pazia. Pazia, jamani. Msituni. Nyani wasituchungulie.

Mimi nikauliza, "Sakafu yake ikoje?"

"Swali zuri," muuzaji akasema. "Sakafu ndiyo inayokufa kwanza. Hii imepanda pembeni kama beseni, maji ya nje hayaingii kirahisi. Lakini uilinde. Chini utandike turubai, mawe na mizizi visiitoboe. Ndani nako utandike mkeka, maana viatu na miguu ya viti huwa vinaikwangua."

Mume wangu akachukua turubai kubwa kuliko yote.

"Hilo ni kubwa mno, kaka," muuzaji akamwambia. "Turubai la chini liwe dogo kuliko sakafu, lipungue kiganja kila upande. Likitokeza nje, mvua inayoteremka kwenye hema inatua juu ya turubai, halafu inaingia chini yenu. Mtalala juu ya bwawa."

"Mama," mume wangu akasema, kwa sauti ile ya ofisini, "mimi ni mtu wa maji."

Tukatoka na turubai la kufunika lori.

Msituni tulifika mchana, jua kali, anga safi. Wifi akateremka, akachagua mahali palipoinuka kidogo, akatandika kipande chake cha nailoni alichokata vizuri, akasimamisha hema lake wakati sisi bado tunasoma maelezo.  

Mume wangu akachagua kibonde. Eti pana ardhi laini.

"Maji yakija yatakaa hapa," nikamwambia.

"Yatoke wapi? Angalia juu."

Nikaangalia juu. Nikanyamaza kwa ajili ya ndoa.

Lakini lile turubai sikuliachia. Hema liliposimama, nikapiga magoti, nikalizunguka lote nikikunja kingo na kuzisukuma chini ya sakafu mpaka hakuna kilichotokeza. Magoti yakaniuma. Nikajisifu mwenyewe, maana hakuna aliyekuwa na mpango huo.

Mkeka wa ndani ndio ulinishinda. Mume wangu aliuacha kwenye gari. "Tumekuja kambini, hatukuja sebuleni." Akaingiza kiti chake cha kukunja chenye miguu ya chuma, akakaa katikati ya hema, akajivuta huku, akajivuta kule, akitafuta mahali penye hewa. Kila akijivuta, sakafu inalia kwiii.

Baadaye mama mkwe akasema anapumzika kidogo. Sisi watatu tukaenda kutafuta kuni, mume wangu mbele, wifi nyuma kabisa, mimi katikati kama ukuta.

Mvua ikatukuta huko. Haikubisha hodi. Ilishuka kama mtu kamwaga ndoo, na tulipofika kambini tumelowa mpaka kwenye mifupa, nikafungua ile zipu.

Mengine mnayajua.

Tulimtoa mama, mume wangu kambeba mgongoni, mimi nimeshika godoro. Hapo ndipo nilipoliona turubai. Lilikuwa limetokeza pande zote, limetanuka kama sketi ya bibi harusi, na maji yote ya paa yanateremka juu yake yanakwenda moja kwa moja chini ya hema. Kutoka chini yanapanda kupitia matundu ya miguu ya kile kiti.

"Umelivuta turubai," nikamwambia mume wangu.

"Sijaligusa."

"Nililikunja kwa mikono yangu."

"Mke wangu, sijaligusa."

"Mtu wa maji," nikamwambia. "Umefanya kazi nzuri. Mtaa mzima ungefikiwa na maji."

Akanitazama tu, mama yake mgongoni, maji yanamtiririka puani.

Zipu ya hema dogo, alikokimbilia wifi, ikafunguka. Wifi akatoa kichwa. Nilisubiri kejeli, na haki ya kutukejeli alikuwa nayo.

"Mlete mama," akasema. Kisha akamgeukia kaka yake, "Na wewe ingia. Utaumwa."

Hayo yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia kaka yake tangu makaburini.

Watu wanne kwenye hema la watu wawili. Goti la mume wangu lilikuwa kwenye mbavu za wifi, kiwiko cha wifi shingoni kwangu, mama katikati yetu amefunikwa kanga kavu. Hakuna aliyeweza kumpa mwenzake mgongo, maana nafasi ya kugeuka haikuwepo. Nje mvua inapiga. Sakafu ya wifi kavu kama meza, ukiacha maji tuliyoingia nayo.



Mwishowe mume wangu akasema, akiangalia kitambaa cha hema, "Niliiona simu."

Wifi akageuza kichwa, kaka yake akaendelea.

"Siku ile. Niliishika mkononi, inaita, jina lako liko pale. Nilijua unataka kuniambia nini. Nikaona nisipopokea, baba bado yupo."

Nimelala na huyu mwanaume miaka yote hiyo. Hilo hakuwahi kuniambia.

"Ulipaswa kuja," wifi akasema, na sauti yake ya kufundishia udereva ilikuwa imeondoka. "Sikutaka kukusema. Nilikuwa naogopa peke yangu mle ndani. Alikuwa anakuulizia."

"Aliniulizia?"

"Alisema, akija mwambieni asiendeshe haraka."

Mume wangu akalia. Wifi akajaribu kumshika bega, akakosa nafasi, akashika sikio. Wakalia hivyo hivyo, mtu kamshika mwenzake sikio.

Mama mkwe alikuwa amefumba macho. Nikajua amelala.

Asubuhi jua likatoka, ndugu wawili wakaenda pamoja kutafuta nyumba aliyoishi mzee alipoanza kazi. Mimi na mama tukabaki tunakamua mablanketi. Nikaanza tena kumlaumu mwanawe na turubai lake.

"Mwache," mama akasema. "Nililivuta mimi."

Blanketi likanitoka mkononi.

"Mlipokwenda kuni niliona wingu linakuja nyuma ya miti. Baba yao alinioa nikaja kuishi kwenye hema hapa hapa, mpaka walipomjengea nyumba. Unadhani sijui maji yanaingiaje?" Akakung'uta kanga yake. "Matundu ya kiti sikuyajua. Hayo ni ya mume wako. Nilikuwa nataka tulowe kidogo tu, si nisafiri."

"Mama, ungeumwa."

"Ningeumwa wakiwa wanaongea. Na wewe usiseme."

Kwake sijasema. Mpaka leo mume wangu anaamini alilivuta mwenyewe wakati anakaza kamba. Amekubali kosa, na ameliomba radhi hema kwa kuliziba matundu yote. Siku hizi ndiye mtaalamu. Mtu akitaja safari tu, anamfundisha namna ya kukata turubai, lipungue kiganja kila upande, na mkeka ndani, na viti vibaki nje. Juzi alikuwa anamwelekeza dada yake kwenye simu. Dada yake anaitikia, "Ndiyo, kaka. Sawa, kaka." Nilitoka chumbani nikacheke vizuri.

Funzo ni hili. Ukinunua hema, angalia sakafu kabla ya rangi, na usibishane na muuzaji kwa kutumia cheo chako.

Ila kama kwenu kuna watu hawasemeshani, sahau yote niliyosema. Nunueni hema dogo.