Mwende Alinifunga Mdomo Mbele ya Wazazi

Mimi ni mwalimu wa watu wazima wenye ulemavu mkubwa, katika kituo kidogo karibu na Katangi. Wiki jana nilijiaibisha huko.

Mwende ana miaka ishirini na sita na hasemi. Kila asubuhi, nikishaanza kuimba wimbo wa kuombea uji, alikuwa anapiga kelele na kujigonga kichwa kwa ngumi. Nilidhani uji ni moto, nikaupoza. Nikadhani hapendi kiti, nikambadilishia. Kila kitu nilikiandika kwenye daftari, nikijiona daktari kabisa. Kelele zikazidi, nami nikaongeza wimbo wa pili ili nimtulize. Msimamizi wetu akaanza kusema labda Mwende arudishwe nyumbani.

Alhamisi tukawaita wazazi wote ukumbini. Mama Mwende alitoka Ndithini, akaketi na binti yake, ambaye alikuwa ametulia tuli. Niliwasomea kurasa kumi za daftari, kisha nikasimama tufunge kwa wimbo.

Sikumaliza hata mstari wa kwanza. Mwende aliinuka, akanijia polepole, akaniziba mdomo kwa kiganja chake.

Mama yake alicheka mpaka akajifuta machozi. "Aiyaa, Mwalimu! Mtoto wangu hana shida. Ni wewe hujui kuimba!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, msimamizi akiwemo. Na Mwende, mkono ukiwa bado mdomoni pangu, akacheka pia. Sikuwa nimewahi kusikia kicheko chake.