Gitaa la Uhispania na Waya wa Breki

Ukiweka pua kwenye tundu la gitaa lililotengenezwa Uhispania, unapata harufu ya mti mwekundu uliokaushwa kwa miaka mingi, harufu iliyo karibu na ile ya sanduku ambamo bibi huficha vitenge vyake. Lililotengenezwa Ujerumani halinuki hivyo. Hilo linanuka vanishi na chuma, kama duka la vifaa vya ujenzi. Nilijua tofauti hiyo kabla sijajua desimali. Msimu mmoja wa mvua, nyumbani kwetu Kimemi, mjini Butembo, mjomba wangu Paluku, mpiga gitaa wa korali ya parokia, alinifundisha kuyasikiliza magitaa kama mama zetu wanavyosikiliza maharage wakiyatikisa mkononi kujua kama yamekauka.

Gitaa la Uhispania lilikuwa la korali yetu. Padri mmoja mzee alituachia aliporudi kwao. Lile la Ujerumani lilikuwa la korali jirani, na mjomba aliliazima kila alipopata nafasi. Alinikalisha nikitazama ukuta, akapiga moja, kisha jingine, akauliza, "Iyi ni gani?" Nikijibu kwamba ni la Wajerumani, hakuridhika. "Juu ya nini?" Nikamwambia, "Inalia sana, tonton. Haijui kunyamaza." Akacheka hadi akakohoa. "Weye mutoto, masikio yako ni ya popo!" Hakunidanganya katika mambo hayo. Alinionyesha kwamba ubao wa mbele wa gitaa la Uhispania ni mwembamba, na chini yake kuna vijiti vilivyotandazwa kama upepeo. Ndiyo maana sauti yake ni ya joto, inakuja karibu, kisha inazimika upesi kama mtu mwenye adabu. Shingo yake ni pana na haina chuma ndani, kwa kuwa nyuzi zake ni za nailoni na hazivuti kwa nguvu. Lile la Ujerumani lina ubao mweupe, mgongo mzito wenye mistari kama paka, na fimbo ya chuma ndani ya shingo; nyuzi zake za chuma zinavuta, na sauti inakata hewa na kufika mbali. Wazee wetu husema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hata wakati ule niliuona msemo huo una kasoro. Gitaa lote ni kipande cha mti, na ndani ndiko uzuri wake uliko.

Kisha ikatangazwa Misa kubwa ya nje huko Beni, kwenye uwanja mmoja wa mtaa wa Beu, ambako korali za miji yote miwili zingeimba. Mjomba aliniahidi gitaa la wimbo wa matoleo. Katika korali yetu wasichana waliimba na kutikisa kayamba; hakuna aliyewahi kupewa gitaa. Nilifanya mazoezi hadi ncha za vidole zikawa ngumu kama punje za mahindi, nikijua kwamba nikipiga vizuri, hakuna atakayeweza tena kusema gitaa si la msichana.

Siku moja kabla ya safari nilimkuta mjomba uani akiwa na waya wa breki wa baiskeli. Kwetu, uzi ukikatika, watu hufumua waya huo na kupata nyuzi za chuma zinazodumu. Magitaa yanayochongwa hapa yana mbao nene, yanavumilia. Lakini mjomba alikuwa akiufunga kwenye gitaa la padri. Alikuwa amesikia kwamba ile korali ya gitaa la Ujerumani ingeimba kabla yetu.

"Tonton, gitaa iyi haiko ya nyuzi za chuma," nilimwambia. "Weye njo ulinifundisha."

"Mbele ya batu wote bale, nailoni itasikilika wapi? Ile ya Wajerumani itatumeza."

"Itapasuka."

"Ah, uko avoka yake ya kuitetea? Kwenda kupiga pasi robe yako."

Tukasafiri. Jua la Beni si la Butembo. Linakaa juu ya kichwa kama beseni la maji moto. Nilipoanza kupiga, sauti ilikuwa kali, ngeni, lakini ilifika hadi mwisho wa uwanja, na niliona akina mama wakinyoosha shingo kumtafuta mpigaji. Katikati ya ubeti wa pili, kibao kinachoshika nyuzi kiling'oka kutoka tumboni mwa gitaa kwa mlio wa mlango uliovunjwa, kikatoka na ganda la ule mti mwekundu. Korali iliendelea kuimba bila mimi. Baada ya Misa, mama Katungu, aliyekuwa rais wa korali, alisimama mbele yangu.

"Kavira, umeifanya nini?"

Nilimgeukia mjomba, nikimngojea aseme. Akasema.

"Mutoto njo aliiangusha mu gari. Nilimuambia ashike muzuri."

Hakuna aliyezitazama nyuzi, kwa sababu nyuzi za breki kila mtu anazo. Nilifungua mdomo, na mama yangu, aliyekuja nasi, akaninong'oneza, "Omba pardon, usiniletee haya." Nikapiga magoti kwenye nyasi, nikaomba msamaha. Wa kwanza kuniinua alikuwa mjomba. "Basi, basi," aliwaambia watu. "Ni mutoto tu. Tumusamehe." Kikulacho ki nguoni mwako, lakini msemo huo hausemi ufanye nini kikulacho kinapokusamehe.

Nilirudishiwa kayamba. Baadaye nilisoma fizikia chuo kikuu, nusu kwa udadisi na nusu kwa hasira, nikachunguza moja baada ya jingine yale aliyonifundisha: vijiti, unene wa ubao, mvuto wa nyuzi. Yote ni kweli. Siku hizi mjomba ana wanafunzi, na wasichana wamo. Juzi, kwenye sherehe ya familia, nilimsikia akiwaeleza gitaa la Uhispania na la Ujerumani, maneno yaleyale, sahihi yote, nao wakimsikiliza bila kupepesa. Kisha akanionyesha kwa kidevu. "Donc, basi, mushike muzuri. Huyu dada yenu aliangusha moja, ikapasuka mbele ya batu wa Beni." Wasichana wakanitazama kwa huruma, na wakaamini. Ningekuwa mmoja wao, baada ya kusikia ukweli mwingi hivyo, na mimi ningeamini.