Baba mdogo, fundi wa nguo, alivyoipunguza lilaki yangu pale Gisenyi

Wakuu, salaam. Binti yangu ndiye anachapa, mimi nafoka tu pembeni. Nina miaka themanini na kitu, sina cha kupata kwa kuwadanganya.

Nimeona humu vijana wanawashauri watu wakate bonsai, hii miti midogo ya kwenye vyombo, wakati wowote. Jamani! Ndiyo maana leo silali mchana.

Miaka ya hamsini nilikuwa nafagia uwanja wa Madame mmoja Mbelgiji, kando ya ziwa. Alikuwa na kichaka cha lilaki, maua ya kwao Ulaya, ya zambarau, yenye harufu nzuri. Kwetu hakikuwahi kuchanua. Joto; lilaki haitoi maua bila kupigwa na baridi.

Nikamwomba chipukizi la mzizini. Akacheka, akanipa.

"Ikitoa maua kwako, bustani yote iko kazi yako. Fagio utaachia mungine."

Wakuu, kazi ile niliitaka kuliko hata kuoa.

Nikapanda mti wangu kwenye karai kuukuu. Nikapunguza mizizi, nikapinda shina kwa waya. Mwaka wa tano nikaubeba kichwani mpaka Bugeshi kwa shangazi, ukapigwe na baridi ya milimani. Njia nzima watu wananicheka.

Miezi mitatu nikaurudisha. Matumba haya hapa, kwenye ncha za matawi!

Sikumwambia mtu. Nilitaka kuwashangaza. Hapo nikajimaliza.

Nilikaa kwa baba mdogo, fundi wa nguo mjini. Nilimwambia tu kwamba kesho napeleka mti kwa Madame. Nikaenda kuswali adhuhuri.

Narudi, mti umekuwa mviringo kama kofia. Yeye kashika mkasi wa kitambaa, anatabasamu.

"Nilikusafishia, mutoto wangu. Kazi haiendi kwa mwenyewe na vitu inaning'inia-ning'inia."

Ndivyo walivyo mafundi. Nguo haitoki mlangoni mpaka nyuzi zote zipunguzwe. Lakini matumba ni nyuzi?

Ungemfokea baba yako mdogo enzi zile? Thubutu! Nikasema, "Asante, baba." Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Kesho yake nikaupeleka hivyohivyo. Madame akauliza, "Maua iko wapi?"

Nikamweleza yote. Hakuamini hata nusu.

"Bon, sababu zako haziishi." Kisha akalizungusha karai. "Lakini namna hii iko muzuri sana! Nani alikata?"

Nikasema ukweli, mjinga mimi.

Bustani akapewa baba mdogo. Akaacha cherehani, akawa anakata michongoma ya Madame kwa mkasi uleule. Mimi na fagio nyuma yake, naokota alichokata. Miaka miwili!

Sasa sikieni. Lilaki hubeba matumba kwenye matawi ya mwaka jana. Kata maua yakishanyauka, usikate kabla. Na ukiwa na mti wa maana, waambie wa nyumbani wote, hasa wale wanaokupenda.

Mwenye lilaki humu aseme: nyumbani kwako mkasi anashika nani?