Cheche ya Mfuniko wa Sufuria

Nilikuwa mwalimu mwenye kiburi. Naliandika hilo kwanza, nisije nikajitafutia visingizio huko mbele. Nilitoka chuoni moja kwa moja hadi kijiji kimoja cha ujamaa wilayani Tarime, na katika sanduku langu hamkuwa na kifaa hata kimoja cha sayansi. Nilikuwa na kichwa changu tu, nacho nilikithamini kupita kiasi.

Nyumba za walimu zilikuwa bado hazijaezekwa, kwa hiyo nikapangiwa kukaa kwa mjane mmoja mzee. Nilimwita mama. Mabinti zake walikuwa wameolewa mbali, na mtoto wa kiume hakujaliwa. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye aliniuliza nimelalaje, kisha akasubiri jibu, maana kwake halikuwa swali la kupita tu.

Kabla ya watu kuhamishiwa vijijini, mama aliishi juu ya kilima chake, mbali na kila mtu. Sasa nyumba zilikuwa zimepangwa kwa mstari, na zizi la jirani lilikuwa hatua chache tu kutoka jikoni kwake. Ng'ombe wa jirani huyo waliingia kwenye ulezi wake mara mbili. Mara ya pili mama alisimama njiani, watu wakisikia, akamwambia mwenye ng'ombe kwamba Mungu anaona. Wiki hiyohiyo mvua ilinyesha mchana, radi ikapiga lile zizi, ng'ombe wanne wakafa papo hapo.

Basi, maneno yakaanza. Wanawake waliacha kufuatana naye kisimani. Ikasemwa kwamba mjane anayo radi, kwamba anaituma. Haukupita muda baraza la wanaume wa ukoo likaitwa, lile ambalo Wakurya huliita iritongo. Kama wangemkuta na hatia angefukuzwa kijijini, na yeyote atakayempa moto au maji angefukuzwa pamoja naye. Ndugu yake pekee aliyebaki alikuwa Morotonga, kule Serengeti, na hawakuwa wameonana kwa miaka mingi. Magoti yake yalikuwa mabovu. Niliogopa sana kwa ajili yake, lakini zaidi ya kuogopa nilikasirika. Niliona ni ujinga, na dawa ya ujinga niliijua mimi.

Darasani nilikuwa nimeshafundisha umeme kwa vitu vya nyumbani. Ukisugua kalamu ya plastiki kwenye sweta la sufu, makapi ya ulezi huirukia na kuing'ang'ania, na wanafunzi wangu walikuwa wakicheka hadi machozi. Kilichowafurahisha zaidi ni cheche. Nilifunika beseni la plastiki chini juu, nikalisugua kitako kwa sweta, kisha nikaweka juu yake mfuniko wa sufuria ambao nilikuwa nimegandishia kipande cha mshumaa katikati kiwe mpini. Unaugusa mfuniko kwa kidole mara moja, unauinua kwa mshumaa, kisha mwenzako akisogeza kidole, tap! Cheche inamrukia.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji kumwomba niruhusiwe kusema mbele ya iritongo. Mwanamke hasemi pale, aliniambia. Halafu akajikuna kidevu, akasema mwalimu ni mtu wa serikali, asikilizwe.

Mama alinikataza. "Usiende na vitu vyako, mwanangu," alisema. "Wanaume wakishakaa hivyo hawataki kufundishwa." Nilimjibu atulie tu, yote yatakwisha.

Siku hiyo jua lilikuwa kali, beseni likakauka vizuri. Nilisema kwa Kiswahili na mwenyekiti akatafsiri kwa Kikurya. Mama alikaa chini peke yake, pembeni, miguu kainyoosha. Nilipouinua mfuniko nilimwita yule aliyefiwa na ng'ombe. "Mzee, lete kidole." Akaleta. Tap! Akaruka nyuma, wanaume wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao. Nilikuwa na raha, sitaficha.

"Hiyo ndiyo radi, wazee wangu," nilisema. "Hii ni ndogo, ile ya mawinguni ni kubwa, lakini ni kitu kimoja. Haitumwi na mtu."

Mwenyekiti alipomaliza kutafsiri, kicheko kilikwisha. Mzee mmoja akaniuliza mwenyewe kwa Kiswahili. "Mwalimu, unaweza kuifanya tena?"

"Hata mara mia, mzee."

"Kwa hiyo mtu akijua, anaitengeneza kwa mikono."

"Hii ndogo, ndiyo."

"Na hii beseni na hii mfuniko ni ya nani?"

Ningeweza kusema ni vyangu. Lakini nilikuwa natoa somo, na mwalimu hadanganyi. Nikasema ni vya mama.

Hawakujadiliana sana. Yule mzee alisema walikuwa wanasikia tu kwamba mjane anayo radi, ila hawakuwa wanajua anaifanyaje, na sasa mwalimu amewaonyesha. Nilipiga kelele. Nilieleza mawingu, nikaeleza chaji, nikarudia, hadi mwenyekiti akaniambia nikae chini. Mimi hakuna aliyenigusa kwa neno. Nilikuwa mtu wa serikali, tena nilikuwa shahidi wao. Mama alipewa siku tatu, na alipoulizwa kama ana la kusema alitikisa kichwa.

Siku ya tatu asubuhi nilimsaidia kufunga mzigo, huku nalia na kumwomba radhi. Alikuwa hajanisemesha tangu barazani. Niliponyoosha mikono nimtwike, akarudi nyuma haraka.

"Usiniguse, mwanangu."

Akaangalia nje kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sikujua kama ni wewe. Ungeniambia unataka kulipiza ule ulezi wangu, ningekukataza. Ulezi unaota tena."

Nilimwambia si mimi, si mtu yeyote. Nilimwapia kwa Mungu.

"Nyamaza, watasikia," alisema. "Pale barazani niliona kwa macho yangu, tena ulisema mwenyewe, hata mara mia. Ndiyo maana nilinyamaza. Mimi nimeshazeeka. Wewe hata kuolewa bado."

Nikaapa tena. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anavyomwitikia mtoto anayekana kula sukari na midomo ikiwa bado imejaa chembe zake. Akajitwika mzigo mwenyewe, akashika njia ya Morotonga, akiamini kwamba ameniokoa.