Siku Niliyosema Sikusikia

Benki niliyokuwa nikifanyia kazi mtaa wa Ibanda ilifunga milango wiki ile askari wa upande mwingine walipoingia mjini, na mpaka leo haijafunguliwa. Nilibaki nyumbani na mama yangu mzazi, ambaye alikuwa amekimbia mapigano huko Walungu akaja na kikapu kimoja tu. Usingizi ulinikataa. Kila mlango ukigongwa, niliinuka kwenda kuchungulia. Jirani aliponiona nakonda, akanipeleka kwenye darasa tupu la shule moja, ambako watu kama kumi walikuwa wakikaa kwenye mikeka na kufumba macho. Walikuwa wanajifunza kutafakari kwa njia ya yoga.

Walimu walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mzee mfamasia aliyesomea India ujanani mwake, tulimwita Papa. Wa pili alikuwa mama mmoja wa makamo, tuliyemwita maman kwa Kifaransa, ambaye kazi yake ni kunyoosha viungo vya wagonjwa, na wagonjwa wake wengi walikuwa wanawake walioumizwa vitani. Waliheshimiana sana, lakini kwenye jambo moja hawakupatana.

Papa alitufundisha kwamba kwanza unakaza akili kwenye kitu kimoja, pumzi au mwali wa mshumaa. Wahindi wanaita dharana. Ukikaza bila kukatika, mwisho unazama, na huko ndiko samadhi.

"Ukizama kweli, ata bakuite jina, hausikie," alituambia kwa Kiswahili cha mji wetu, ambacho husema "ba" mahali pa "wa". "Kama ungali unasikia, ungali ku mulango."

Yule maman akatikisa kichwa mbele yetu sote.

"Pole, Papa, ile mi sikubali. Bamama benye natunza banajua tayari kuacha kusikia. Balijifunza siku balikuwa banaumizwa: mwili ulibakia chini, roho ikaenda mbali. Njo utabaita batakatifu? Kuzama ni kuwa hapa muzima. Unasikia yote, na hakuna kitu kinakuvuta."

"Hiyo ni dawa ya hospitali, maman. Hiyo haiko yoga."

Mimi nilimchagua Papa. Sikutaka kuwa hapa. Hapa palikuwa na milio, foleni za maji, na jamaa wa watu waliotoweka. Kila asubuhi nilijifungia chumbani, nikaketi, na nikaanza kuwa hodari. Kulikuwa na siku ambazo dakika arobaini zilipita kama kikohozi.

Asubuhi moja ya mvua niliketi hivyo hivyo. Pumzi ilikuwa imetulia, mabati yalikuwa yanaunguruma, na mimi nilikuwa nateremka taratibu. Ndipo mama akaniita kutoka sebuleni.

"Mwana wani." Kwa Kimashi ni mwanangu.

Nikasikia. Nataka niliandike wazi: nilisikia. Akaita tena, na safari hii sauti ilikuwa nzito, kama mtu mwenye chakula mdomoni. Nikajiambia ni mtihani. Nikairudia pumzi yangu. Hakuita mara ya tatu, na nakumbuka nilifurahi kwa ule ukimya.

Nilipotoka nilimkuta ameanguka kati ya kiti na meza, mdomo umepinda, jicho moja linanitazama. Hospitalini daktari aliuliza ameanguka saa ngapi. Nikasema sijui.

Aliishi wiki tatu bila kutamka neno. Nilimlisha uji kwa kijiko, na mwingi ulirudi ukitiririka shingoni. Kaka yangu alipofika kutoka Luvungi, aliniuliza mbele ya kitanda:

"We ulikuwa ndani ya nyumba. Hakukuita?"

"Nilikuwa natafakari," nikasema. "Mutu akizama, hasikie."

Aliniamini. Mama alikuwa amelala pale, na sijui alikuwa anasikia kiasi gani.

Tulimzika mjini, kwa sababu barabara ya Walungu haikupitika. Papa alikuja kwenye matanga. Kaka alikuwa amemsimulia. Mzee akanishika mikono miwili, machozi yanamlenga, akasema kwa sauti ya chini:

"Uchungu ni mukubwa, mwanangu. Lakini jua hili: ulikuwa umefika. Mi miaka yote hii sijafika."

Nilivuta mikono yangu nikaenda nyuma ya nyumba kuosha sufuria za wageni.

Baada ya wiki nilimwendea yule maman kazini kwake. Nilimngoja kwenye benchi la korido mpaka akamaliza wagonjwa, kisha nikamweleza yote, sauti mbili na ukimya. Nilitegemea aseme kwamba mafundisho ya Papa ndiyo yaliyoniharibu. Hakusema hivyo.

"Papa hakukuambia uache mama yako," alisema. "Ulisikia, basi ulikuwa hapo. Ulichagua. Njo hivyo, dada. Mi sina neno la kukuondolea huo muzigo."

Alikaa nami bega kwa bega, mpaka mlinzi akaja kufunga.

Jioni ile nilimpigia kaka simu nikamwambia ukweli. Aliuliza tu:

"Aliita mara ngapi?"

"Mara mbili."

Akakata. Nimempigia mara nyingi tangu siku ile, na hapokei. Mke wake ndiye huniambia kwamba wako wazima.