Mpangaji na Fukusi wa Mlimau

Mpangaji wa chumba cha uani alikuwa na mikono myembamba, safi kupita kiasi, na bibi mwenye nyumba hakuiamini hata chembe. Kila asubuhi alifungua mwavuli mweupe, akaupindua chini ya mlimau wa bibi, akagonga tawi kwa fimbo polepole, kama mtu anayebisha mlango wa wakwe. Fukusi wakadondokea mwavulini, wadogo, wa kijivu, pua fupi na pana kama ya ng'ombe, wakajifanya wamekufa. Akawaokota mmoja mmoja kwa ncha ya brashi aliyoilowesha mate, akawatia kichupani, akinong'ona, "Samahani, bwana." Mtu mzima anamwomba mdudu radhi! Na kabla hajahamia, mlimau ulikuwa mzima. Sasa kingo za majani zimekatwa kama kwa mkasi. Anawaondoa huyu, au anawaleta?

Siku moja bibi alimnyatia, akamkuta anamrudisha mmoja kwenye jani.

"Wee baba! Unapanda nini hapo?"

Mpangaji akashtuka. "Huyu ana mayai, bibi. Nisimmalizie kizazi."

"Kizazi kwenye mti wangu?"

"Hawana mahali pengine. Hawawezi hata kuruka, mbawa zao zimegandana. Dunia nzima, hawajaonekana ila kwenye mlimau huu."

"Kumbe dunia nzima imewakataa, nimewapokea mimi!"

Bibi akaling'oa lile jani na mdudu wake, akalitupa mwavulini, akaufunga mwavuli na wote waliokuwamo, akaukwapua na kuelekea jikoni, kwenye moto.